Kengele Niliyoikata

Niliisikia kabla sijaona chochote. Ko-ko, ko-ko, mlio mkavu wa mti kugonga mti, ukija taratibu kwenye njia ya kokoto iliyofika hadi jengo letu la mwisho. Ilikuwa Ijumaa, siku yangu ya tano kazini Isiolo. Mimi ni mtoto wa mlimani, kutoka upande wa Nyambene, ambako kila mnyama ana kamba na kila kamba ina mwenyewe. Nikajua ngamia ameingia hospitalini. Nikachukua ufagio, nikatoka kumfukuza.

Hakuwa ngamia. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mikono mitupu, miguu imepauka kwa vumbi, na kiunoni amefungwa kengele ya mbao, ile ile wanayovalishwa ngamia. Alitembea akinong'ona na mtu ambaye mimi sikumwona. Hatua tatu nyuma yake alikuja mama yake, mzee mwembamba aliyeinamisha kichwa upande mmoja, sikio mbele, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Mmeniomba, ninyi wauguzi mliobaki katika lile jengo, niwaandikie kuhusu miaka yangu ya kuuguza wagonjwa wa akili. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili, kama panya wameacha kitu. Mimi nitawaandikia kuhusu kengele, maana karibu kila nilichokifanya vizuri baadaye kilitoka kwenye kile nilichokifanya vibaya siku ile.

Yule mwanamke nitamwita Dahabo. Si jina lake. Mwenyewe aliniambia niandike lile la kweli, kwa kuwa, alisema, hana cha kuficha ila uzee. Nimekataa. Siri ya mgonjwa haistaafu pamoja na muuguzi.

Nilipoiona ile kengele, damu ilinipanda. Chuoni tulifundishwa kwamba mgonjwa wa akili ni binadamu, tukafanyia mtihani, nikapita vizuri. Nikachukua mkasi wa bandeji, nikamshika Dahabo kiunoni, nikakata kamba. Kengele ikaanguka sakafuni. Mama yake alisema maneno mawili matatu kwa Kiborana, kisha akaketi chini polepole, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Mimi sikujua Kiborana, na sikumtafuta anayejua. Mzee Yusuf, afisa wa kliniki niliyepewa nijifunze kwake, alikuwa ameenda msikitini kwa sala ya Ijumaa. Niliiweka kengele dirishani, nikamwonyesha Dahabo kitanda, nikaketi kujaza fomu kwa mwandiko mzuri sana. Mama naye, aliyekuwa safarini siku mbili juu ya lori kutoka Sericho, usingizi ulimshika pale pale ukutani. Nilipomaliza ukurasa wa pili na kuinua macho, kitanda kilikuwa kitupu.

Hakuna aliyemsikia akitoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kengele.

Mzee Yusuf alirudi mswaki wa mti ukiwa bado mdomoni. Alikuwa wa zile familia za mjini ambazo babu zao walikuwa askari wa mkoloni, wakaambiwa wastaafie Isiolo na ngamia zao. Ndugu zake wote walikuwa wenye malori. Yeye alisema alichagua kusafirisha watu bila gari. Akaiona kengele dirishani. Akaitazama kamba iliyokatwa.

"Karimi," akaniuliza, "uliuliza hii ni ya nini?"

"Ilikuwa inamdhalilisha."

"Hilo sijauliza."

Akaenda kuchuchumaa mbele ya yule mama aliyekuwa ameamka na kuanza kulia bila sauti, wakazungumza kwa muda. Kisha akanitafsiria, sentensi moja moja, bila kunionea huruma hata kidogo.

Dahabo alijifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Kabla arobaini haijaisha aliacha kulala. Akaanza kusikia watu wakimwita kutoka mtoni, wakimwambia mtoto amebadilishwa. Mumewe akiwa mbali na ngamia, wakwe wakamchukua mtoto. Majirani wakasema mama afungwe kwenye nguzo, kama walivyofungwa wengine kabla yake, na mahali penye kijiji kizima kinachosema neno moja ni kazi kubwa kusema lingine. Lakini yule mzee mwembamba alisema lingine. Alikwenda zizini, akamvua ngamia wake wa mbele kengele, akamfunga binti yake. Kwa watu wa ngamia, kengele haivalishwi mnyama mbaya. Inavalishwa yule ambaye mtu anaogopa kumpoteza. Kwa miezi minne Dahabo alitembea alikotaka, na mama yake alifanya kazi zake zote akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Hiyo ndiyo kamba uliyokata," akasema Mzee Yusuf. "Wengine walitaka nguzo. Huyu alimpa mwendo. Sasa vaa viatu vizuri, tunaenda kutafuta."

Tulimtafuta hadi giza, na asubuhi tukaendelea, kwenye lori la ndugu wa Mzee Yusuf lililonuka mbuzi. Saa sita mchana tukasikia kelele upande wa Burat, kwenye mashamba ya watu wa kwetu. Dahabo alikuwa katikati ya mahindi mabichi, amekaa chini, ameshika hindi kama mtu anayebeba mtoto. Watu kama ishirini walikuwa wamemzunguka wakisema mwizi. Mmoja alikuwa ameokota jiwe. Wa pili alimtazama wa kwanza, akainama. Niliwajua watu wale; walisali kanisa moja na shangazi yangu. Kila mmoja peke yake angempa maji.

Kabla hatujashuka kwenye lori, mwanamke mwenye shamba alipita katikati yao na jembe begani. Hakuwaambia kitu. Aliweka jembe chini, akaketi kando ya Dahabo kwenye udongo, akafungua leso yake akamfunika mabega. Basi. Yule wa pili akajifanya alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu, ingawa alivaa ndala. Mawe yakarudi chini moja moja, bila sauti.

Hili nililiona kwa macho yangu na ndilo somo ninalowaachia kuliko mengine yote. Kundi huiga. Likipata wa kwanza kurusha, litarusha. Likipata wa kwanza kuketi, litaketi. Kwa hiyo kila familia inapomleta mgonjwa, wote wakiwa wamesimama mbali naye, msianze na dawa. Mtafuteni yule mmoja atakayekubali kuketi kando yake kwenye benchi. Akikosekana, keti wewe.

Tulimrudisha. Mama alitoa kengele dirishani, akaunganisha ile kamba niliyoikata kwa fundo nene, akamfunga tena kiunoni. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza, akasema jambo. Nilimwomba Mzee Yusuf anitafsirie, na huo ukawa mwanzo wangu wa kuuliza.

"Anasema, aliyeifunga ndiye atakayeifungua."

Jumatatu tukapewa agizo kwamba mlango wa jengo uwe unafungwa. Ulikuwa na komeo upande wa nje tu, la chuma, la enzi za zamani. Mzee Yusuf alisikiliza agizo kwa heshima, akasema ndiyo, ndiyo, kisha mchana akaleta bisibisi kutoka kwa fundi wa lori, akaling'oa lile komeo, akalitia mfukoni. Matundu manne yakabaki mlangoni, na yapo hadi leo, msiyazibe. Alipoulizwa alisema agizo lilikuwa kufunga mlango, na mlango hauna komeo, tunasubiri jipya. Tulilisubiri miaka yake yote na yangu. Kazi ya kulinda tukaifanya kwa kiti: mmoja wetu alikaa kila wakati karibu na mlango ulio wazi, akazungumza na kila anayepita. Ukisikia mtu anasema muuguzi amekaa tu, mwambie akae yeye kwa saa nane mfululizo.

Dahabo alianza haloperidol, dawa ya kunyamazisha zile sauti. Siku ya tatu shingo yake ilikaza, macho yakapanda juu, na mama akaamini tumemroga. Angalieni shingo, angalieni ulimi, na iambieni familia mapema kwamba jambo hili linaweza kutokea na lina dawa yake. Ukieleza baadaye, wewe ni mwongo aliyebahatika. Kufikia wiki ya tatu alilala. Kufikia ya sita wale watu wa mtoni walikuwa, kwa maneno yake mwenyewe, wamehamia mbali, kama majirani waliofuata malisho. Akauliza mtoto yuko wapi. Lilikuwa swali lake la kwanza lenye mwanzo na mwisho.

Tukampa sindano ya mwezi, ya kudungwa kila baada ya wiki nne. Hapo nikafanya kosa la pili, dogo. Niliandika tarehe kwenye kadi. Sericho kadi ni kitu cha kuwashia moto. Mzee Yusuf akanichora mwezi mwembamba nyuma ya kadi, na chini yake lori. Maana yake: ukiuona mwezi umeandama, panda lori litakalofuata. Wiki nne na mwezi wa angani karibu ni kitu kimoja, na hakuna mfugaji asiyejua mwezi una siku ngapi. Niliichora michoro ile miaka yangu yote. Ramadhani tuligawa vidonge kati ya daku na futari, na kwa wanaume wanaotafuna miraa tuliuliza bila kuhubiri, maana mtu aliyekesha siku tatu na miraa husikia sauti hata kama hana ugonjwa. Kaka yangu mwenyewe aliuza miraa sokoni. Alinilaumu kwamba namfukuzia wateja, nami nikamwambia yeye ndiye ananiletea wangu.

Mwaka mzima Dahabo alikuja kila mwezi ulipoandama, kengele kiunoni. Alikuwa amerudia kukamua, kupika, na kutania watu. Lakini mtoto alikuwa bado kwa wakwe. Shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, mwanamume mwenye ndevu za hina, alikuja mara moja kutueleza kwa upole msimamo wa nyumba yao: mtoto hawezi kukaa na mtu anayevaa kengele. Mama kwa upande wake alisema kengele haitoki mpaka moyo wake utulie, na moyo wake haukuwa umetulia tangu ile Ijumaa. Dahabo alikaa katikati yao akitazama mikono yake. Mtoto alikuwa ameanza kutembea, na alikuwa akimwita bibi yake wa kuumeni mama.

Nilitaka kuwahutubia. Nilikuwa na maneno tayari, mengine ya chuoni. Mzee Yusuf alinizuia kwa nyusi. Aliwaalika wote watatu waje pamoja kwenye sindano iliyofuata, na walipofika akaniambia nichemshe chai. Salaam aleikum zikaisha, habari za mifugo zikaisha, chai ikamiminwa. Ndipo akafungua mkebe wa sukari, akauinamisha, akamwonyesha kila mtu.

"Dahabo, binti yangu," akasema, "sukari imeisha. Nenda dukani, ng'ambo ya barabara."

Dahabo alisimama, kengele ikagonga mara moja. Hakutembea. Alimtazama mama yake; shemeji na mimi tukamtazama yeye, na Mzee Yusuf peke yake ndiye aliyekuwa akitazama chai.

"Siendi dukani na hii," akasema Dahabo kwa Kiswahili, ili sote tusikie. "Mama. Nikirudi na sukari, utajua. Nisiporudi, utajua pia."

Mama yake aliinua mikono kutoka magotini. Kisha akamwita karibu, akaliacha lile fundo nene la kuungia, akashika lile la kiunoni, akalihangaikia kwa kucha, kwa maana lilikuwa limekauka mwaka mzima. Nilikuwa na mkasi mfukoni. Sikuutoa. Fundo lilifunguka. Akaiweka kengele mapajani mwake, akaifunika kwa viganja viwili isilie, na Dahabo akatoka. Mlango aliuacha wazi.

Duka lilikuwa umbali wa dakika tano. Dakika kumi zikapita. Chai ikaanza kufanya utando. Shemeji akatazama saa, akakohoa. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, sikio kwa mlango, akisikiliza kwa nguvu zote kitu ambacho sasa kilikuwa mapajani mwake. Dakika ishirini. Nikainuka kidogo kwenye kiti.

"Keti, Karimi," akasema Mzee Yusuf.

Nusu saa ilipokaribia, shemeji alifunga shuka lake vizuri, kama mtu anayejiandaa kusema jambo la huzuni kwa adabu. Hapo Dahabo akaingia, anahema, jasho usoni, na pakiti ya sukari mkononi.

"Umechelewa," akasema shemeji.

"Ile ya duka la kwanza ilikuwa na siafu," akajibu. "Yule mtu ananiambia eti zitaelea nizitoe na kijiko. Nikamwambia awape wageni wake. Nikaenda mpaka sokoni."

Shemeji alimtazama. Akatazama pakiti. Kitu kikaanza kutikisika ndani ya zile ndevu, na kabla hajaweza kukizuia alikuwa anacheka, na kicheko chake kikamfikia Mzee Yusuf, kikanifikia mimi, na mwisho kabisa kikamfikia yule mama, ambaye alicheka akiwa amefunika uso kwa kengele. Shemeji akafuta macho. Akasema mke wa ndugu yake alikuwa hivi hivi kabla ya kuugua, mgumu wa kudanganywa, na kwamba mtu anayekataa siafu za mwenye duka hawezi kushindwa kumlea mtoto. Mtoto aliletwa na lori la wiki iliyofuata. Alimkataa mama yake siku tatu, akalia, akamuuma. Siku ya nne akalala mgongoni kwake. Hilo nalo andikeni kwenye faili. Ni maendeleo kama mengine.

Jioni ile, nilipokuwa nikiosha vikombe, nilifungua kabati nikakuta pakiti mbili za sukari nyuma ya pamba. Sikumwuliza Mzee Yusuf. Kwa mara ya kwanza nilijua kitu ni cha nini bila kuuliza.

Alistaafu miaka michache baadaye, akaniachia kile kiti cha mlangoni na lile komeo, ambalo tulilitumia kuzuia makaratasi yasipeperuke. Ameshazikwa. Miaka iliyofuata ilijaa watu wengine: askari wa zamani aliyekagua kila gari lililopita, mwalimu wa Merti aliyeacha kuoga baada ya ukame kumaliza ng'ombe wake wote, wasichana wa mjini wenye huzuni ambayo simu zao ziliichochea. Baadhi walipona, wengi walijifunza kuishi nayo, wawili niliwapoteza, na majina yao nayataja kila asubuhi kabla ya chai.

Dahabo aliugua tena mara moja, mwaka mbaya wa ukame. Mama yake alikuwa amekufa, hapakuwa na wa kumfunga kengele. Nilikuwa kwenye kiti cha mlangoni nilipomwona akishuka peke yake kwenye lori la Sericho, mtoto wake akiwa shuleni kwa shangazi. Alisema hajalala siku tatu na amesikia mtu mmoja tu wa mtoni, wa mbali. "Nimekuja kabla hawajafika wote," akaniambia. Tukaongeza dawa. Baada ya wiki mbili akarudi nyumbani. Mtoto hakuchukuliwa tena na yeyote.

Sasa anauza maziwa ya ngamia hapa mjini na binti yake ana watoto. Siku yangu ya mwisho kazini alikuja na kadi yake, na chupa ya maziwa, akaketi kwenye benchi. Nilimjulisha kwa muuguzi kijana anayechukua nafasi yangu. Dahabo alimkagua kutoka kichwani hadi viatuni, akamwuliza kama anajua mwezi utaandama lini. Yule kijana akatoa simu. Dahabo akanitazama, nami nikatazama dirisha.

Nikamwuliza kengele iko wapi siku hizi. Akasema iko Sericho, shingoni mwa ngamia wa mbele, na fundo langu bado lipo, halijawahi kukatika.

"Si fundo langu," nikasema. "Mimi nilikata tu."

"Ndiyo. Lako ni pale penye unene."

Alisimama. Nami nikasimama, nikatafuta viatu, kwa kuwa miaka yote nilimsindikiza hadi getini; ilikuwa desturi, na labda, nikisema kweli, ilikuwa ile Ijumaa. Akaniwekea mkono begani akanirudisha kitini.

"Kaa, sista. Njia naijua."

Akampa yule kijana mkono, akakunja kadi yake yenye mwezi na lori, akatoka. Upepo wa mchana ulikuwa unaleta vumbi. Akageuka, akaushika ule mlango wenye matundu manne, akauvuta nyuma yake polepole mpaka ukafungika.